Matandiko manene kwenye banda la kuku Pemba: kwanza yashinde maji

Swali la msomaji, mkaazi wa Mtambwe, Pemba:

"Assalamu alaykum. Nina banda la kuku nyuma ya nyumba, futi 10 kwa 8, ukuta wa tofali mpaka kiunoni kisha wavu, paa la bati, chini udongo. Kuku ni 26, wengi wa kienyeji na chotara wachache. Kila Ijumaa naondoa kila kitu, nafagia na kutandika upya, lakini masika iliyopita harufu ilizidi mpaka jirani akasema. Nimeambiwa wapo wanaoweka matandiko manene na hawayaondoi hata mwaka mzima, na banda halinuki. Je, kwetu huku kwenye mvua nyingi inawezekana? Nitandike nini? Nikitia chokaa si itaondosha harufu? Na nikifanya hivyo naweza kufikisha kuku 50? Wanaookota mayai ni wanangu, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani."

Waalaykumu salaam, dada yangu.

Inawezekana, na kwa mfugaji wa nyuma ya nyumba mimi naipenda sana njia hii. Lakini aliyekwambia kwamba hawayaondoi amekupa nusu ya habari. Kazi ya kufagia inapungua, na mahali pake inakuja kazi ya kugeuza, kuongeza makavu na kuzuia maji yasiingie. Kwa Pemba, hilo la maji ndilo lenyewe. Ukiliweza, banda lako litakaa miezi bila kumkera mtu. Usipoliweza, ni heri uendelee na ufagio wako wa kila Ijumaa, kwa sababu matandiko manene yaliyoloa ni mabaya kuliko membamba yaliyoloa.

Tuanze na kinachotokea chini ya miguu ya kuku. Kuku mkubwa hutoa kinyesi kibichi cha kiasi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku, na wa kienyeji, kwa udogo wake, hutoa pungufu kidogo. Kama robo tatu ya kinyesi hicho ni maji. Kuku wako 26, hata tukiwahesabia gramu 100 tu kila mmoja, wanamwaga karibu lita 2 za maji kwenye sakafu kila siku, kabla halijaingia tone la mvua. Tena kuku hakojoi pembeni. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wake, nao una naitrojeni nyingi. Bakteria wakiupata ule weupe pamoja na unyevu, wanaugeuza kuwa amonia, na amonia ndiyo harufu iliyovuka ua ikamfikia jirani.

Matandiko yanafanya kazi mbili kwa pamoja. Yanafyonza ule unyevu na kuupeleka hewani kidogo kidogo, na yanawapa bakteria chakula wanachokikosa kwenye kinyesi, yaani kaboni. Bakteria wa kuozesha wanafanya kazi vizuri wakipata sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Kinyesi cha kuku peke yake kina sehemu 7 hadi 10 tu za kaboni, kwa hiyo naitrojeni inayozidi inatoka kama hewa na kuchoma macho. Tia makapi, maranda au majani makavu, na bakteria wataishika ile naitrojeni na kuihifadhi humo humo kwenye matandiko. Ndiyo maana matandiko yaliyokaa vizuri miezi kadhaa yana rangi ya kahawia iliyokoza, yanamomonyoka mkononi, na harufu yake ni ya udongo wa msituni. Ila bakteria hao wanahitaji hewa. Unyevu wa matandiko ukiwa kati ya asilimia 20 na 30 kazi inakwenda. Ukipanda juu sana, hewa inakosa pa kupita, matandiko yanashikana yakawa magamba, na amonia inarudi kwa nguvu.

Sasa utaona kwa nini Ijumaa zako hazikukusaidia wakati wa mvua. Kila wiki uliwatoa wale bakteria ndiyo kwanza wanaanza kukaa, ukaweka tabaka jembamba jipya, na tabaka jembamba hulowa kwa siku mbili. Siku tano zilizobaki kuku walikuwa wakikanyaga kinyesi kibichi.

Njia hii si ya jana. Kule Ohio, Marekani, katika miaka ya 1940, watafiti wa mifugo D. C. Kennard na V. D. Chamberlin waliwafuatilia kuku walioachwa juu ya matandiko ya zamani na waliowekewa mapya. Waliona kwamba kuku waliolishwa chakula cha mimea peke yake walitotoa vizuri zaidi wakiwa juu ya matandiko ya zamani, na vifaranga walikufa kidogo kwa koksidiosisi, yaani maradhi ya kuhara damu. Sehemu ya sababu ilikuja kueleweka vitamini B12 ilipotambuliwa mwaka 1948, maana bakteria wa kwenye matandiko huitengeneza, na kuku huipata wakidonoadonoa. Nakutajia haya usije ukayaogopa matandiko kwa sababu ya umri wake. Matandiko ya miezi sita yaliyotunzwa ni salama kuliko ya wiki mbili. Lakini usiige Ohio kila kitu. Wao wana theluji, walikuwa wakitafuta na joto la kuoza kwa yale matandiko, wakayalimbikiza hata kufika futi moja. Sisi joto tunalo. Banda la bati mwezi wa Februari halihitaji jiko chini yake. Kwako wewe anza na sentimita 10, uongeze taratibu, na usivuke 15, ukizidi sana 20. Ukiingiza mkono ukahisi joto, yamezidi unene au yamezidi unyevu.

Twende kwenye maji, na hapa nakuomba usome kwa utulivu, kwa sababu wengi wanaoniambia njia hii imewashinda, ukikagua utakuta wameshindwa na jengo, matandiko hayana kosa.

Sakafu kwanza. Umesema chini ni udongo, na udongo ni mzuri kwa njia hii kwa sababu bakteria wa ardhini wanapanda wenyewe. Lakini udongo mzito wa mabondeni unashika maji na kuyapandisha. Ondoa kila kitu, safisha kipande cha sakafu, tandaza nailoni kipande cha dhiraa moja, kandamiza kingo zake kwa mawe, acha mpaka asubuhi. Ukiifunua na upande wa chini umelowa, unyevu unapanda kutoka ardhini, na hakuna makapi yatakayoumaliza. Dawa yake ni kuinua sakafu: mwaga kifusi cha mawe, juu yake udongo ulioshindiliwa, mpaka ndani kuwe juu kuliko nje kwa sentimita 30 au karibu ya hapo. Chimba na mfereji upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua yapite pembeni. Saruji si lazima. Kama ipo, mwaga tabaka la udongo mkavu juu yake kabla ya kutandika.

Paa. Ingia bandani mchana jua likiwa kali, funga mlango, tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu la msumari, na kila tundu ni bomba wakati wa masika. Kisha tazama upenu. Paa lako lisitoke nje ya ukuta chini ya sentimita 60, na ikifika 90 ni bora, kwa sababu kuta zako nusu ni wavu. Mvua za masika huja pepo zikigeuka kuwa kusi, kwa hiyo upande wa kusini na wa kusini-mashariki ndio unaopigwa. Upande huo weka turubai au magunia yaliyoshonwa, ya kushusha mvua ikija na kupandisha ikikatika. Usizibe mpaka juu kabisa. Acha uwazi chini ya paa pande zote, maana mvuke unaotoka kwenye matandiko lazima upate pa kutokea. Bati lisilo na uwazi hutoa jasho usiku, na jasho hilo linadondoka kwenye matandiko hata siku ambayo haikunyesha. Makuti chini ya bati yanasaidia sana, kwa jasho na kwa joto.

Chombo cha maji ya kunywa ndicho kinachosahauliwa. Kuku wa kienyeji anakunywa huku anaparura, na chombo kikiwa chini kinajaa takataka na kumwagika kutwa. Kiinue kilingane na mgongo wa kuku, kiweke juu ya fremu ya wavu iliyokaa juu ya kokoto, ili kinachomwagika kizame kwenye kokoto. Ikiwa kuku wanatoka mchana, weka maji nje chini ya upenu, ndani uache kidogo tu.

Na hapa ndipo ninapokujibu kuhusu kuku 50. Hapana, si kwa banda hilo. Futi 10 kwa 8 ni kama mita za mraba 7.4, na kwa matandiko manene kuku wakubwa wasizidi 4 kwa kila mita ya mraba. Mwisho wako ni kuku 30. Wapo watakaokwambia wanaweka zaidi, na kweli kiangazi wanaweza, lakini masika ikifika wale waliozidi ndio wanaomwaga zile lita ambazo matandiko hayana nguvu ya kuzikausha. Ukitaka 50, refusha banda liwe futi 10 kwa 14.

Nini cha kutandika? Umebahatika kuuliza wakati masika yamekwisha na mpunga unakobolewa. Makapi ya mpunga ni mazuri kwa sababu yanakauka upesi na hayaozi haraka, ingawa hayafyonzi sana. Lakini angalia unachochukua mashineni. Mashine ndogo nyingi hutoa makapi na pumba pamoja, na pumba ni chakula: zinaita panya, zinaota ukungu zikipata unyevu, na zinashikana. Pepeta kwanza, pumba wape kuku kwenye chakula, makapi ndiyo uyatandike. Na rundo lililokaa nje ya mashine likanyeshewa usiliguse hata ukipewa bure. Chota, nusa. Likinuka uvundo au lina weupe au weusi wa ukungu, ule ukungu huingia kwenye mapafu ya vifaranga na kuwaua.

Maranda ya seremala yanafyonza kuliko makapi. Omba yale mapana yanayotoka kwenye randa, uache unga laini wa msumeno, kwa sababu unga unapeperuka vumbi na vifaranga wanaula wakidhani ni chakula. Muulize fundi kama mbao zilitiwa dawa ya mchwa, na kama zipo mbao za kubandikwa kwa gundi. Zote hizo hazifai.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwako ni nusu makapi na nusu maranda, kisha juu yake uwe unaongeza majani makavu kadiri unavyoyapata: ya mwembe, mkungu, mshelisheli, mvinje. Majani mapana yasage kwa mikono au yakanyage ndani ya gunia kwanza. Ukiyatandaza mazima yanalala kama mikeka na kuzuia hewa. Kwa sentimita 10 za mwanzo utahitaji polo 8 hadi 10 zilizojaa, kisha weka nyengine 4 au 5 akiba mahali pakavu.

Makumbi ya nazi watu huniuliza sana kwa sababu yametuzunguka. Yakipondwa yanafyonza maji mengi mno, lakini huchelewa kuyaachia, na kwa hewa yetu yenye unyevu hilo ni tatizo. Changanya kidogo wakati wa kiangazi tu, na ondoa nyuzi ndefu za usumba, zinanasa miguu ya vifaranga na zikimezwa zinaziba gole. Makumbi yaliyofukiwa pwani usitumie kabisa, yana chumvi, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Kwa sababu hiyo hiyo mabaki ya mwani na mchanga wa pwani hayafai. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, nayo yana mnunuzi wake, kiwanda cha mafuta pale Wawi, na mafuta ya karafuu yanazuia bakteria ambao sisi hapa tunawataka.

Chokaa usitie. Najua ndiyo dawa ya kwanza inayotajwa kila banda likinuka, na nimeona mabanda yakizidi kunuka kwa sababu yake. Naitrojeni ndani ya kinyesi kilicholowa imefungwa katika hali ya chumvi. Chokaa inapoingia inaifungua, na amonia inapanda yote kwa mara moja. Juu ya hayo inaunguza miguu na macho ya kuku. Majivu yana tabia hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Majivu makavu yaweke kwenye sanduku pembeni, yachanganye na udongo mkavu, kuku waogee humo, yatawapunguzia utitiri. Chokaa yake ni siku banda limekuwa tupu, unapopaka kuta.

Baada ya kutandika, tawanya karai moja au mbili za udongo mweusi wa juu kutoka chini ya mwembe, au mboji iliyokomaa, uwape bakteria pa kuanzia. Usichukue matandiko ya zamani kutoka kwa mfugaji mwengine, hata kama ni ndugu yako. Utachukua na maradhi yake. Mwezi mmoja au miwili ya mwanzo bakteria bado hawajatulia, na harufu kidogo asubuhi ni kawaida.

Kazi ya wiki ni nyepesi. Mara mbili kwa wiki geuza kwa reki au uma wa shamba mpaka nusu ya kina. Sehemu kubwa ya kazi hii utawaachia kuku wenyewe: warushie chenga za mchele au mtama kidogo kila jioni ndani ya matandiko, kila siku mahali tofauti, nao watachakura kuliko wewe utakavyoweza. Kuku wa kienyeji kwa hili ni hodari kuliko wa kizungu. Penye magamba toa, usiyageuzie chini. Chini ya miti ya kulalia ndipo panapojaa haraka, kwa kuwa kinyesi kingi huanguka usiku. Weka ubao au karatasi ya bati chini ya miti hiyo, uukwangue kila baada ya siku mbili na kinyesi chake ukitupe kwenye mboji. Hilo peke yake linapunguza mzigo wa matandiko sana.

Kipimo cha unyevu kiko mkononi mwako. Chota konzi ya matandiko, fumba, kaza, fumbua. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakishikana kidogo kisha yakaachana ukiyatikisa, ndivyo tunavyotaka. Yasiposhikana hata kidogo na yakatoa vumbi, yamekauka mno, na wakati wa kaskazi hutokea: nyunyiza maji kidogo kwa mkono. Kipimo cha harufu ni asubuhi, mara tu unapofungua mlango, na uchutame mpaka kichwa chako kilingane na cha kuku. Amonia inatoka chini, na kuku ndiye anayelala ndani yake. Macho yako yakiwasha pale chini, yao yameshaanza kuumia, hata kama ukisimama huhisi kitu. Na usiamini pua yako peke yake, maana inazoea. Mwite mtu asiyeingia bandani kila siku anuse.

Masika ikikaribia, yaani mwisho wa Februari, hakikisha akiba yako ya polo ipo na haijaguswa na panya. Mvua ikianza, ongeza makavu mara kwa mara kwa tabaka la vidole viwili, usimwage yote kwa siku moja. Geuza saa za mchana jua likichomoza kati ya mvua na mvua, kuku wakiwa nje na turubai limepandishwa. Usigeuze jioni, utafungua mvuke na kuufungia ndani pamoja na kuku. Sehemu ikilowa kwa upepo au kuvuja, chimba yote mpaka chini uitoe siku hiyo hiyo. Usifunike mabichi kwa makavu. Juu patapendeza, chini panaoza bila hewa, na hapo ndipo nzi wanapozaliana.

Na katika unyevu huo ndipo ilipo koksidiosisi. Mayai ya vijidudu vyake hutoka na kinyesi yakiwa hayana madhara bado. Yakipata joto na unyevu hukomaa kwa siku moja au mbili, kifaranga akidonoa anaugua. Joto letu linawatosha, kwa hiyo unachoweza kuwanyima ni unyevu. Vifaranga wa wiki tatu hadi sita ndio wanaoangushwa: wanajikunyata, mbawa zinashuka, kinyesi kinakuwa na damu. Hapo usisubiri, mwendee daktari wa mifugo upate dawa ya kutia kwenye maji, na ubadilishe mabichi yote. Vifaranga wa wiki za mwanzo walee pembeni kwenye maranda mapya makavu, waingie banda kubwa wakiwa na nguvu.

Matandiko hayazuii mdondo (kideri). Chanjo ya tone la jicho kila miezi mitatu iendelee kama kawaida. Na kuku wakifa kwa mdondo, habari ya matandiko ya zamani imekwisha: toa yote mpaka udongo uonekane, fukia mbali, safisha kwa dawa, na banda lipumzike wiki kadhaa kabla ya kuingiza kuku wengine.

Kuhusu wanao. Kinyesi cha kuku ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii, na pia kinabeba vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo mtoto asiingie bandani na nguo za chuoni. Njia rahisi ni kuwaondolea haja ya kuingia. Viota vipandishe ukutani, sentimita 45 kutoka juu ya matandiko, na upande wa nje wa ukuta ukate kidirisha chenye kifuniko cha bawaba. Mtoto anafungua akiwa nje, anaokota, anafunga, ananawa kwa sabuni. Wewe unayeingia kugeuza, weka ndara mlangoni zisizotoka hapo na kanga au shuka kuukuu ya kazi hiyo. Nyumba inabaki safi, na maradhi ya mabanda ya watu hayaingii kwako na viatu.

Sasa tuje kwenye kuyaondoa matandiko. Ukianza mwaka huu, toa Januari ijayo wakati wa kaskazi, matandiko yakiwa makavu na mepesi kubeba. Toa theluthi mbili, theluthi moja iliyo chini iache iwe mbegu ya matandiko mapya, maadamu hapakuwa na maradhi. Uliyoyatoa usiyapeleke shambani moja kwa moja, bado yana nguvu ya kuunguza miche. Yarundike, yarushie maji kidogo, yafunike kwa makuti au turubai mvua isiyalainishe na kuondoka na mbolea, na uyageuze kila wiki mbili. Mpaka kupanda kwa masika yatakuwa yamepoa. Migomba na mboga zitakuonesha tofauti. Rundo likae chini ya kisima kwa mteremko na mbali nacho, mita 30 au zaidi, kwa sababu visima vyetu vingi ni vifupi na maji ya rundo huzama haraka. Kama kiwanja chako hakina nafasi hiyo, zungumza na mwenye shamba la karibu aje na gari la ng'ombe siku ile ile unayotoa, maana mbolea hii haikosi mtu wa kuitaka.